Mkoba usiojitaja jina: Ususi wa ngozi ulivyoijenga Bottega Veneta

KILA asubuhi katika mtaa wa Fedha, eneo la Embakasi jijini Nairobi, wanawake wanaosubiri matatu za kuelekea katikati ya jiji huwa na mikoba ya kila aina begani. Miongoni mwayo haukosi mmoja wenye sura ya kusukwa: miraba midogo iliyolala mshazari, mithili ya mkeka uliogeuzwa kuwa mfuko. Mwingine ulitoka kwenye rundo la mitumba, mwingine ulinunuliwa dukani, mwingine uliletwa na jamaa kutoka ng'ambo. Wengi wa wenye mikoba hiyo hawajui, wala hawana haja ya kujua, kwamba sura hiyo ina mwenyewe, na kwamba nchini Marekani iliwahi kuzusha shauri kuhusu alama za biashara.

Mwenyewe huyo ni Bottega Veneta, mojawapo ya kampuni za mavazi na mikoba za Italia zinazopendwa mno na matajiri wa dunia. Ilianzishwa mwaka 1966 na Michele Taddei na Renzo Zengiaro katika mji wa Vicenza, jimbo la Veneto, kaskazini mashariki mwa Italia. Jina lenyewe halina makeke, kwani maana yake ni karakana ya Veneto. Mkoba wake mmoja wa kawaida huuzwa kwa zaidi ya dola 2,000 za Marekani, yaani zaidi ya robo milioni ya shilingi za Kenya, na ipo inayoipita bei hiyo mara mbili au tatu. Hata hivyo, mtu akiugeuzageuza mkoba huo kwa nje haoni jina, wala herufi za jina, wala nembo ya dhahabu. Anachoona ni ususi tu.

Hapo ndipo penye kioja. Kwa desturi, anayelipa fedha nyingi kwa nguo au mkoba hutaka walimwengu wajue. Gucci ina herufi zake mbili za G, Fendi ina F mbili, nayo Versace ina kichwa cha Medusa. Bottega Veneta ilishika njia tofauti. Katika miaka ya 1970 matangazo yake yaliwaambia wateja kwamba herufi za majina yao wenyewe zinatosha. Maana yake ni kuwa mwenye kuujua mkoba huo angeutambua kwa mbali, na asiyeujua hakuna aliyetaka kumwambia. Ni majivuno ya namna yake, bila shaka, lakini ni majivuno yanayoitegemea kazi ya mikono wala si chapa ya chuma.

Je, ususi huo ulianzaje? Masimulizi ya kampuni hiyo yanarejea kwenye dhiki ya vifaa. Veneto ilikuwa na mafundi wengi waliozoea kushona nguo, na cherehani zilizopatikana zilitengenezwa kwa ajili ya vitambaa. Sindano zake hazikuweza kupenya ngozi nene iliyotumiwa na watengenezaji wa mikoba migumu ya wakati ule. Ikabidi itumike ngozi nyembamba na laini, ya aina inayofaa kushonea glavu. Lakini ngozi nyembamba ina ila yake: huchanika upesi, na ikibebeshwa mzigo hulegea. Dawa iliyopatikana ni kuikata kanda nyembamba na kuzisuka. Ngozi iliyosukwa hugawana uzito. Ukanda mmoja ukivutwa, kanda zinazoupita juu na chini huushikilia. Hivyo mkoba ukapata nguvu bila kupoteza ulaini. Kampuni yenyewe huuhesabu mwaka 1975 kuwa ndio wa kuzaliwa kwa ususi huo, na mwaka 2025 iliadhimisha miaka 50 yake.

Waitaliano huuita intrecciato, neno lenye maana ya kilichosukwa. Kanda zenyewe huitwa fettucce, na msomaji aliyewahi kula tambi pana za fettuccine atatambua kuwa maneno hayo ni ndugu. Kwa baadhi ya mikoba, fundi hupewa kipande cha ngozi kilichochanwa mianya midogo iliyopangwa sawasawa, naye hupitisha kanda kwenye mianya hiyo, moja juu, moja chini, hadi kipande chote kijae. Kwa mikoba mingine hakuna kipande cha kushikilia kazi. Mkoba uitwao Cabat, uliobuniwa mapema katika miaka ya 2000, husukwa kwa kanda zilizounganishwa ngozi mbili mgongo kwa mgongo, ili ndani na nje pawe na uso ule ule. Hauna bitana. Hilo si jambo dogo, kwa sababu bitana ndiyo mficha aibu wa kila fundi wa mikoba. Palipo na bitana, uzi uliokatika na gundi iliyomwagika havionekani. Pasipo bitana, kosa lolote hubaki wazi kwa mwenye kununua.

Ugumu mkubwa upo katika kuuweka mkazo sawa. Ukanda ukivutwa kupita kiasi, mraba hujikunja. Ukilegezwa, mwanya hutokea na mkoba hupoteza umbo. Ngozi nayo ni mwili wa mnyama: sehemu ya tumboni hunyumbuka kuliko ya mgongoni, kwa hiyo kanda mbili zenye upana mmoja hazivutiki kwa namna moja. Vidole vya fundi ndivyo vinavyolijua hilo kabla ya macho yake.

Kwa msomaji wa Kiswahili, hasa mzaliwa wa pwani, maelezo haya si mageni. Mwanamke wa Lamu, wa Pemba au wa Pangani anayesuka ukili hufanya kazi iyo hiyo kwa malighafi nyingine. Huchana ukindu au miyaa kwa upana uliolingana, hulowesha ili usivunjike, kisha huyapitisha majani moja juu, moja chini, yakienda mshazari kutoka ukingo hadi ukingo. Kili huunganishwa kwa kushonwa, na hapo hupatikana mkeka, jamvi au kikapu. Jani la ukindu likiwa peke yake huchanwa na mtoto. Likiwa ndani ya mkeka hulaliwa na watu wazima kwa miaka. Kanuni iliyowaokoa mafundi wa Vicenza ndiyo iliyokuwa ikilaza watu Uswahilini karne nyingi kabla ya mwaka 1966. Kiondo cha Ukambani na cha Waagikuyu ni jambo jingine kidogo, maana nyuzi zake za katani, na zamani nyuzi za magome ya mimea kama mbuyu, huanzia katikati ya kitako na kupanda kwa mzunguko. Hata hivyo, shabaha ni ile ile: kufanya kilicho dhaifu kibebe uzito.

Sifa ya Bottega Veneta ilienea upesi. Mwaka 1980 mwigizaji Lauren Hutton alionekana katika filamu American Gigolo akiwa na pochi ya kampuni hiyo iliyosukwa, na mwaka 2016, kampuni ilipotimiza miaka 50, mwigizaji huyo alipita jukwaani mjini Milan akiwa ameishika pochi ya muundo ule ule. Kati ya miaka hiyo miwili, lakini, palikuwa na kuporomoka. Katika miaka ya 1990 fasheni ya dunia ilielekea kwenye nembo kubwa kubwa, na kampuni iliyokuwa ikijivunia kutojitaja nayo ikajaribu kujitaja. Haikufaulu. Wateja wa zamani hawakuitambua tena, na wapya walikuwa na majina mengine ya kuchagua. Kufikia mwaka 2001 hali yake ya kifedha ilikuwa mbaya, ndipo sehemu kubwa ya hisa zake iliponunuliwa na Gucci Group, ambayo leo ni sehemu ya kampuni kubwa ya Ufaransa iitwayo Kering.

Mbunifu Mjerumani, Tomas Maier, alikabidhiwa kazi ya ubunifu mwaka huo. Aliziondoa nembo, akaurudisha ususi mbele, na akaleta Cabat. Jambo alilofanya ambalo huzungumzwa kwa nadra kuliko mikoba yenyewe ni la shule. Mafundi wa Veneto walikuwa wakizeeka, na vijana wao hawakuwa na hamu ya kukaa kitako wakisuka ngozi. Mwaka 2006 kampuni ilifungua shule ya kufundisha kazi hiyo, na mwaka 2023 ikazindua chuo kipana zaidi kinachoitwa Accademia Labor et Ingenium, kilichopangwa kuchukua wanafunzi 50 kila mwaka na kuwapa kazi wanapohitimu. Wabunifu wamekuja na kuondoka: Daniel Lee mwaka 2018, aliyezipanua kanda na kuzijaza hadi zikawa kama mito midogo, Matthieu Blazy mwaka 2021, na Louise Trotter, aliyeanza kazi Januari 2025. Ususi umebaki.

Sasa turejee kwenye shauri la Marekani. Kampuni isiyoandika jina lake juu ya mkoba ina tatizo ambalo kampuni za nembo hazina. Anayeiga herufi za G hushtakiwa kwa kuiba herufi. Je, anayeiga ususi hushtakiwa kwa kuiba nini? Kusuka ni ujuzi wa binadamu wote. Bottega Veneta iliomba ususi wake wenyewe usajiliwe kuwa alama ya biashara. Ofisa aliyelipitia ombi hilo alilikataa, akiona kwamba mchoro huo ni pambo ambalo watengenezaji wengine wana haki ya kulitumia. Kampuni ilikata rufaa, na Septemba 2013 bodi ya rufaa za alama za biashara ya Marekani ikatengua uamuzi huo.

Masharti ya ushindi huo yanafaa kusomwa kwa makini. Kilicholindwa ni kanda nyembamba za ngozi zenye upana unaolingana, kati ya milimita 8 na 12, zikiwa zimesukwa moja juu na moja chini, zikilala kwa pembe ya digrii 45, na kuufunika mkoba wote au karibu wote. Anayesuka kwa kanda pana zaidi, au anayezisimamisha wima, au anayesuka upande mmoja tu wa mkoba, yuko nje ya uzio. Anayesuka ukindu hahusiki kabisa. Bodi ilikubali kwamba, kwa mipaka hiyo finyu, wanunuzi walikuwa wamekwisha kuzoea kuihusisha sura hiyo na kampuni moja tu.

Kwa Mkenya, hatua hiyo ina uchungu wake. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili nchini humo neno la kikoi, kwa tahajia ya Kiingereza, liwe alama yake ya biashara. Watetezi wa wafumaji walipinga, na ombi hilo halikufika mbali. Kuhusu kiondo, uvumi kwamba kimesajiliwa ng'ambo umerudiwa nchini kwa miaka mingi hata ukawa kama methali. Katiba ya mwaka 2010 iliipa serikali wajibu wa kulinda maarifa ya jamii, na mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za kitamaduni, inayozipa jamii haki ya kuzuia wengine kuyatumia bila idhini yao. Sheria ni jambo jema. Lakini kisa cha Vicenza kinaonyesha kwamba kilichoipa Bottega Veneta hoja yake ni miaka mingi ya kuufanya mtindo mmoja bila kuubadilisha, kwa jina moja, kwa kiwango kimoja, huku kumbukumbu za mauzo na matangazo zikiwekwa. Msusi wa Machakos anayemuuzia dalali kikapu alichokihangaikia siku nyingi hana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba kikapu kile ni chake.

Wala mtu asidhani kwamba Nairobi haina mikono. Kutoka Fedha, matatu hufuata barabara ya Outering na kisha Jogoo Road kuingia mjini, na mwendo mfupi kutoka hapo ni soko la Kariokor, lililopewa jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps. Humo mafundi hukata, hushona na kupiga gundi viatu vya ngozi, mishipi na mikoba. Vyondo vilivyosukwa vijijini hufika mjini vikiwa vitupu, vikatiwa mikanda ya ngozi, vifungo na bitana. Fundi wa Kariokor hufanya kazi kwa kisu, nyundo na jicho. Tofauti yake na mwenzake wa Vicenza haiko katika vidole. Iko katika ngozi anayoipata, katika mwanga wa mahali anapoketi, na katika ukweli kwamba mteja wake atamtaka apunguze bei kabla hajamaliza kuutazama mkoba.

Suala la ngozi lina kejeli ndani yake. Kenya ni nchi ya mifugo, lakini kwa miaka mingi imeuza nje ngozi ambazo hazijakamilishwa, na Italia imekuwa mmoja wa wanunuzi. Huko, karibu kabisa na Vicenza, upo mji wa Arzignano, kitovu cha mojawapo ya maeneo makubwa ya viwanda vya ngozi barani Ulaya, ambako ngozi kutoka nchi nyingi hulainishwa, hutiwa rangi na kupewa thamani. Serikali ya Kenya iliwahi kuzitoza ngozi mbichi ushuru mkubwa ili zisiondoke kabla ya kusindikwa. Zilianza kusindikwa, lakini nyingi ziliishia katika hatua ya kwanza tu, kisha zikapakiwa. Fundi wa Nairobi anayetaka ngozi laini ya kutosha kusukwa hupata shida kuipata katika nchi yenye mbuzi na kondoo kwa mamilioni.

Pamekuwepo majaribio ya kuziunganisha pande hizi mbili. Mwaka 2009 Mwitaliano Simone Cipriani alianzisha, chini ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa chenye makao yake Geneva, mpango wa kuwaunganisha mafundi wa Afrika na kampuni za fasheni za Ulaya, na Nairobi ikawa mojawapo ya vituo vyake vya mwanzo. Ilaria Venturini Fendi, wa ukoo ule ule wa Fendi wa Roma, alitengenezea Kenya mikoba ya jina lake la Carmina Campus kwa vitu vilivyokwisha kutumika. Mbunifu Mwingereza Vivienne Westwood, aliyefariki mwaka 2022, naye aliuza duniani mikoba iliyotengenezwa na mafundi wa Nairobi. Kauli iliyouongoza mpango huo ni kwamba haukuwa sadaka bali ni kazi. Ulithibitisha kwamba mkono wa Nairobi unaweza kukifikia kiwango kinachotakiwa Roma na London. Jina lililoshonwa ndani ya mkoba, hata hivyo, lilibaki la Ulaya.

Na mnunuzi wa Fedha je, anayekutana na mkoba wa miraba ya mshazari kwenye rundo la mitumba, muuzaji akimwapia kuwa ni wa Italia? Ususi wa kweli hauhitaji mtaalamu. Mkoba ukikunjwa kidogo, kanda zilizosukwa husogea, na mianya midogo hufunguka kati yake. Ngozi iliyopigwa chapa ya miraba kwa mashine hukunjika kama kitambaa kimoja, na mistari yake hufifia. Ukucha ukipitishwa ukingoni mwa mraba, kwenye ususi huzama chini ya ukanda. Kwenye chapa huteleza juu yake. Kwenye pembe za kitako, msusi mwema hujitahidi kuzipitisha kanda bila kuukatiza mpangilio, ilhali mwigaji hukata na kushona palipo karibu. Kusukwa peke yake si ushahidi kwamba mkoba ulitoka Vicenza, maana wapo mafundi waadilifu wengi wanaosuka ngozi na kuweka majina yao wenyewe. Lakini miraba iliyopigwa chapa tu, bila kusukwa, inatosha kumtia mnunuzi shaka. Muuzaji anayeliweka jina la mwingine juu ya bidhaa kama hiyo ajue kwamba sheria ya kupambana na bidhaa bandia ya mwaka 2008 humhesabu kuwa mkosaji.

Mkoba wa chapa ukichanika, hata fundi wa viatu aliye hodari kabisa kando ya barabara hana la kufanya zaidi ya kubandika kiraka, kwa sababu mraba ulioharibika hautengani na mwenzake. Mkoba uliosukwa ni tofauti: ukanda mmoja ukikatika, unaweza kuchomolewa na mwingine ukapitishwa mahali pake. Mwaka 2022 Bottega Veneta ilianza kuwapa wanunuzi wa baadhi ya mikoba yake cheti cha kuirudisha kutengenezwa bila malipo kwa maisha yote ya mkoba. Pwani, mkeka ukitoboka, haupelekwi popote. Bibi mwenye nyumba huloweka ukindu jioni, na asubuhi hukaa barazani akautia.